Nakala Isiyofunguliwa: Dhidi ya Kigezo cha Usafi katika Ukusanyaji wa Vibonzo vya Vita

Kuna aina ya usomi inayoanza kwa kukizuia kitabu kisisomwe. Usomi huo haukuzaliwa katika idara za fasihi. Ulizaliwa sokoni, katika biashara ya vitabu vikongwe vya vibonzo vya vita vilivyochapishwa Uingereza na Marekani baina ya miaka ya 1950 na 1970, kisha ukapanda ngazi taratibu hadi ukafika kwenye meza za wahakiki ukiwa umevikwa joho la uhifadhi. Madai yake ni mepesi kuyaeleza: kwamba nakala iliyo bora ni ile iliyoguswa kidogo kuliko zote, kwamba thamani ya kibonzo, hata thamani yake ya kihistoria, hupungua kwa kila alama ambayo msomaji ameiacha, na kwamba maktaba ya chuo kikuu inayotaka kuheshimiwa haina budi kutumia kigezo hicho hicho inapokusanya fasihi pendwa. Makala haya yanayakataa madai hayo, na yanayakataa kutoka mahali ambapo wanaoyashikilia hawakutazamia kuulizwa swali: Griftu, katika Wajir Magharibi.

Griftu haikuchaguliwa kwa ajili ya vibonzo vyake. Imechaguliwa kwa sababu ni mji wa wafugaji, wenye chuo chake cha mafunzo ya ufugaji, mahali ambapo kukadiria thamani ya kiumbe kwa kuutazama mwili wake ni elimu ya kila siku na wala si uraibu wa matajiri. Imechaguliwa pia kwa sababu eneo zima linaloizunguka limeishi vita, tena zaidi ya mara moja, na vita hivyo ni vile ambavyo vibonzo vinavyoshindaniwa minadani havikujishughulisha navyo. Mtu anayetaka kujua kama kigezo cha usafi kina maana yoyote kwa fasihi ya Afrika Mashariki na akipeleke huko akakijaribu.

Kipimo na kinachopimwa

Kipimo chenyewe kina historia fupi. Mwaka 1970 Robert Overstreet alitoa huko Marekani mwongozo wake wa kwanza wa bei za vibonzo, na kwa miaka 30 iliyofuata wauzaji na wanunuzi walibishana wao kwa wao kuhusu hali ya nakala kwa maneno ya kawaida: nzuri, nzuri sana, karibu na mpya. Mwaka 2000 kampuni ya CGC ikaanzisha Florida kazi ya kupima kwa malipo. Nakala inayopelekwa kwake hupewa namba kati ya 0.5 na 10, kisha hufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo juu yake. Tofauti ya 9.4 na 9.8 ni vigumu kuonekana kwa macho ya mtu asiyezoea, lakini katika bei huweza kuwa tofauti kubwa mno. Na hapo ndipo penye kioja. Nakala iliyofungwa haifunguliki bila kulivunja kasha, na kasha likivunjwa daraja limepotea. Kinachobaki mbele ya macho ni jalada la mbele na jalada la nyuma. Kurasa za ndani, yaani hadithi yenyewe, zimekuwa uvumi uliothibitishwa na lebo.

Yafaa yatazamwe mambo yanayohesabiwa kuwa dosari. Mkunjo katika uti wa kitabu ni dosari. Nao hutokea mtu anapokifungua kitabu na kukishikilia wazi. Pembe iliyopinda ni dosari. Hutokea kitabu kinapotiwa mfukoni. Jina lililoandikwa kwa kalamu ni dosari. Kuponi iliyokatwa kwa mkasi huiporomosha nakala karibu na chini ya ngazi, ingawa kuponi ilichapwa ili ikatwe. Kwa upande wa pili, mhuri mdogo wa tarehe ambao mwenye duka aliupiga jaladani siku mzigo ulipofika huvumiliwa hata katika nakala zilizopanda juu. Alama ya muuzaji husameheka. Ya msomaji haisameheki. Hata jina la mtu si aibu daima. Mwaka 1977 mfanyabiashara Chuck Rozanski alinunua huko Colorado maelfu ya vibonzo vilivyokuwa mali ya Edgar Church, na hadi leo nakala zilizotoka katika hazina hiyo, iliyopewa jina la Mile High, huuzwa kwa bei iliyozidi kwa sababu tu zilipitia kwake. Jina la mkusanyaji ni nasaba, jina la msomaji ni uchafu. Hakuna nadharia ya fasihi, iwe ya kimuundo, ya upokezi au ya kiyakinifu, inayoweza kuutetea mgawanyo huo. Hiyo ni nadharia ya ghala.

(Hazina ya Church, ikumbukwe, ilinusurika kwa ukavu wa hewa ya Colorado, na mwenye mzaha angeweza kusema kwamba kwa ukavu peke yake Wajir ingekuwa ghala lisilo na mfano. Mzaha huo haufiki mbali. Joto huharakisha kuoza kwa karatasi ya gazeti, ambayo hutoka kiwandani ikiwa na asidi ndani yake, na mchwa hawasomi lebo.)

Vijitabu vilivyotengenezwa vichakae

Vibonzo vinavyozungumziwa havikuwa vitabu vya kabatini. War Picture Library ilianza London mwaka 1958, na Commando ikatolewa Dundee na D.C. Thomson kuanzia 1961. Vyote viwili vilikuwa vijitabu vidogo vya kutoshea mfukoni, vyenye picha nyeusi na nyeupe kwenye karatasi dhaifu, kila kimoja kikiwa na hadithi nzima iliyokwisha yenyewe. Vilinunuliwa kwa senti za mtoto, vikabadilishanwa uani mwa shule, vikasomwa vikiwa vimefichwa ndani ya kitabu cha hesabu, vikatupwa. Uchumi wake ulitegemea kutupwa huko, kwa maana asiyetupa cha zamani hanunui kipya. Kwa hiyo nakala ya daraja la juu ni ajali katika mzunguko wa fasihi: ni nakala iliyokosa msomaji. Ilibaki chini ya rundo, au ilinunuliwa na mtu aliyekuwa na hadhari kupita kiasi, au ilisahauliwa sandukuni. Bei yake yote imejengwa juu ya tukio ambalo halikutokea.

Wapo watakaosema kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwa kila kitu adimu. La hasha. Sarafu isiyotumika bado ni sarafu, na stempu isiyobandikwa bado inaweza kutazamwa yote. Hadithi isiyosomwa ni kitu kingine, na hadithi ya vita isiyosomwa ni kitu cha ajabu zaidi, kwa maana vibonzo vya vita vilivyo bora viliandikwa kuuchafua moyo wa msomaji. Harvey Kurtzman alipohariri Two-Fisted Tales kuanzia 1950 na Frontline Combat kuanzia 1951, vita vya Korea vikiwa vinaendelea, aliwaonyesha vijana wa Marekani maiti zinazoelea mtoni na askari wanaokufa bila maneno ya kishujaa. Mwaka 1965 Blazing Combat ilithubutu kuigusa Vietnam kwa namna hiyo hiyo. Ilizuiwa kuuzwa kambini, wasambazaji wakaikwepa, ikafa baada ya matoleo manne tu. Leo machapisho hayo yote yana bei zake kwa kila daraja. Maiti ya Kurtzman imo ndani ya plastiki, na anayeimiliki anajivunia kwamba hajaiona.

Kuhusu vibonzo vya Uingereza, kuna jambo linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa Kenya. Vita vilevile vilivyojaza kurasa zake vilipita Wajir na Garissa. Juni 1940 ndege za Italia ziliupiga Wajir mabomu. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyojumuisha askari wa KAR yalitoka ng'ambo ya Mto Tana yakaingia Somalia, yakauchukua Mogadishu tarehe 25 Februari 1941. Mamia ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki waliandikishwa katika vita hivyo, wengine wakafika Burma. Katika vibonzo, hata hivyo, ni nadra kumkuta askari huyo akiwa shujaa wa hadithi; Burma ya vibonzo ni ya Mwingereza na Mjapani, na jangwa la vibonzo ni la Libya. Hili ni jambo ambalo mhakiki anapaswa kulisoma na kulihesabu, picha kwa picha, kurasa kwa kurasa. Hawezi kulihesabu katika nakala iliyofungwa. Kigezo cha usafi hapa kinafanya kazi ya kiitikadi, hata kama wanaokitumia hawakukusudia: kinayaweka majalada ya dola lililokwisha katika hali ya kupendeza, na kuyakinga yaliyomo ndani dhidi ya swali.

Dola nayo hupenda nakala safi

Yaliyotokea baadaye Kaskazini Mashariki yanajulikana, ingawa kwa muda mrefu yalisemwa kwa sauti ya chini. Hali ya hatari ilitangazwa mwishoni mwa Desemba 1963, wiki chache baada ya uhuru. Vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Watu walikusanywa katika vijiji vya lazima, mifugo ikaangamia. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kinga iliyowafunika watumishi wa serikali kwa matendo yaliyofanywa katika eneo hilo kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Idadi iliyotolewa na serikali na idadi iliyotolewa na manusura zimepishana kwa mamia na hata maelfu. Kitabu cha Salah Abdi Sheikh kuhusu Wagalla kilitoka mwaka 2007, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakabidhiwa Mei 2013.

Sheria ya 1970 ni nini, kwa lugha ya wakusanyaji, kama si kasha? Inaitoa miaka minne nje ya mikono ya wanaotaka kuifungua na kubandika lebo juu yake. Ulinganisho huu usivutwe mbali mno. Damu ya watu si karatasi, na mhakiki anayesahau tofauti hiyo anastahili kunyamazishwa. Hata hivyo mazoea ya akili ni yale yale. Kumbukumbu inayothaminiwa ni ile isiyo na mikunjo. Ushahidi wa mtu aliyekuwapo, wenye kurudiarudia, wenye tarehe zinazogongana na majina yaliyofifia, huonekana kuwa nakala ya daraja la chini. Idara ya fasihi inayowafundisha wanafunzi wake kudharau kitabu kilichochakaa inawaandaa, pasipo kujua, kumdharau shahidi.

Chapa

Sasa na tuirudie Griftu na elimu yake ya kutazama mwili. Mnunuzi wa ngamia humfungua kinywa akayatazama meno, humtazama nundu, huzitazama nyayo na mwendo. Anatafuta afya na umri. Hatafuti mnyama ambaye hajaguswa. Kovu la mwiba si hoja. Alama za kamba na matandiko kwa ngamia wa kubebea mizigo ni cheti kwamba mnyama huyo amefundishwa kazi. Juu ya yote hayo ipo chapa, ambayo Wasomali huiita sumad: alama iliyochomwa kwa chuma cha moto mwilini mwa mnyama ili itambulike ni mali ya ukoo gani. Kwa kipimo cha Florida, chapa ni uharibifu mkubwa usioondoka, na ngamia mwenye chapa asingepata hata namba 2. Kwa wafugaji wa Wajir, ngamia asiye na chapa ndiye anayezua maswali, kwa kuwa haijulikani ametoka wapi, amenyweshwa katika kisima cha nani, na nani atakuja kesho kumdai.

Hoja si kwamba kitabu ni ngamia. Hoja ni kwamba kuna jamii nzima, yenye ujuzi wa kukadiria thamani uliokomaa kuliko ule wa minada, ambamo alama ya mwenye kitu ni sehemu ya kitu chenyewe. Mtoto anayeliandika jina lake ndani ya jalada, akaliandika na la shule na darasa, akamwachia mdogo wake ambaye naye anaongeza lake, anafanya tendo hilo hilo. Amekitia kitabu chapa. Majina matatu ndani ya jalada moja ni historia ya usomaji ambayo hakuna mahojiano yatakayoirejesha baada ya miaka 40.

Inashangaza zaidi kwamba wahakiki wa Kiswahili, kati ya watu wote, ndio waliokubali kukipokea kigezo cha usafi. Wataalamu wa tendi wamejenga taaluma nzima juu ya alama za namna hii. Jina la mwandishi wa mkono mwishoni mwa utendi, dua yake, tarehe yake ya Hijria, maneno yaliyoongezwa pambizoni na mkono wa pili, doa la maji, ukurasa uliobadilishwa nafasi: haya yote hujadiliwa kwa heshima kuu pindi muswada unapotoka Pate au Lamu. Alama hizo hizo zikionekana katika kijitabu cha picha kilichotoka shule ya bweni, huitwa uchafu. Tofauti haimo katika alama. Imo katika heshima ambayo mhakiki yuko tayari kumpa aliyeiweka.

Kanda na ubao

Kuna ushahidi mwingine, ulio karibu zaidi na fasihi. Ushairi wa Kisomali ulikuwa ukisafiri kwa kumbukumbu na kwa sauti muda mrefu kabla lugha hiyo haijapata hati rasmi mwaka 1972. Redio ikausambaza, kisha ikaja kanda ya kaseti, na mashairi ya siasa, ya mapenzi na ya vita yakawa yanarekodiwa faraghani, yananakiliwa kutoka kanda hadi kanda, yanavuka mipaka mifukoni mwa wasafiri na madereva. Kila nakala ilikuwa mbaya kuliko mama yake. Mchakacho uliongezeka, sauti ikazama, mwisho wa shairi ukakatika kwa sababu utepe ulikwisha. Shairi lililopendwa sana ndilo lililosikika vibaya kuliko yote. Yeyote aliyeketi na kanda kama hizo anajua kwamba mchakacho wenyewe una habari: unaonyesha umbali ambao shairi limetembea.

Hebu mkusanyaji wa daraja la juu apewe kanda mbili, moja ikiwa mpya kabisa katika karatasi yake kwa kuwa hakuna aliyeitaka, nyingine ikiwa imenakiliwa mara nyingi hata maneno hayasikiki vizuri. Kwa kanuni yake atachagua ya kwanza. Atakuwa amechagua shairi lililoshindwa.

Na kabla ya kanda upo ubao. Katika vyuo vya Kurani vya Kaskazini Mashariki mtoto huandika aya kwa wino wa mkaa juu ya ubao wa mti, huzisoma hadi zimkae moyoni, kisha huuosha ubao na kuandika nyingine. Ubao mzee hung'aa kwa kushikwa, umebadilika rangi kwa wino wa miaka. Hakuna nakala bora ya ubao. Upo ubao uliosomesha watoto wengi na upo uliosomesha wachache. Ni bayana kwamba hapa usalama wa matini haukuwekwa katika chombo. Uliwekwa katika watu, na chombo kikaruhusiwa kuchakaa kwa heshima.

Yanayoweza kujibiwa

Wapinzani wana hoja, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba bila wakusanyaji wenye uraibu wa usafi vibonzo vingi visingekuwepo leo. Hili ni kweli, na maktaba za vyuo, zilizovikataa kwa miongo kadhaa kwa kuwa havikuwa fasihi dhati, hazina uso wa kuwalaumu. Lakini kuhifadhi na kupanga daraja ni mambo mawili. Mwenye kuhifadhi hupunguza joto na unyevu, hutoa pini zenye kutu, huondoa asidi, huziba mpasuko kwa karatasi nyembamba. Soko humlipaje? Nakala iliyofanyiwa ukarabati hupewa lebo ya zambarau, na bei yake huanguka chini ya ile ya nakala isiyotibiwa. Mfumo unaomwadhibu tabibu hauwezi kujiita wa uhifadhi.

Ya pili ni ya kitaaluma zaidi: kwamba mtafiti anahitaji nakala yenye matangazo yote, barua zote za wasomaji na rangi kama zilivyotoka mtamboni. Naam. Anahitaji nakala kamili. Ukamilifu na usafi hukutana mara nyingine, ila si ndugu. Kitabu kinaweza kuwa na kurasa zake zote na kuwa kimepasuka jalada, kimechorwa masharubu kwenye uso wa jenerali, kimeloa chai. Bado ni kamili. Mtafiti akinunua nakala kamili iliyochakaa kwa bei ya chakula cha mchana, atabaki na fedha za kununua nyingine 50.

Walter Benjamin huletwa kila mara kuwatetea wakusanyaji, hasa insha yake ya 1931 kuhusu kuifungua maktaba yake, ambamo alikubali bila haya kwamba mkusanyaji si lazima awe amesoma vitabu vyake vyote. Waliomleta hawakumsoma hadi mwisho. Benjamin alizipenda nakala kwa sababu ya ajali zilizozipata, miji zilikopitia, mikono iliyozimiliki kabla yake. Mkusanyaji wa kasha hupenda nakala isiyopatwa na lolote. Hao ni watu wawili wenye jina moja la kazi.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma, na wanaoshabikia uchakavu hawana budi kuikabili. Kuna hatari ya kuipamba dhiki. Kijitabu kimoja kilichochanika kinachosomwa na watoto 20 si ishara ya utajiri wa upokezi. Ni ishara kwamba watoto 19 hawana kitabu. Baada ya mashambulizi ya Mandera ya Novemba 2014, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliziacha shule za Kaskazini Mashariki, na mtu anayekaa Nairobi akaandika kwa furaha juu ya pembe zilizopinda za vitabu vya shule hizo atakuwa amewakosea adabu wenyewe. Ukurasa uliopotea ni hasara. Msomaji aliyelazimika kuubuni mwisho wa hadithi huenda alibuni vizuri, lakini aliporwa. Kinachodaiwa hapa ni kidogo kuliko ushabiki huo: kwamba mpasuko ni ushahidi, na kwamba ushahidi haupangwi kwa uzuri wake.

Kazi iliyoko mezani

Kenya ina vibonzo vyake, na wakati unakwenda. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilikwisha mwaka 1979. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi magazetini kwa miongo mingi, na gazeti ndilo lililofungia nyama na sukari. Katika miaka ya 1980 Hirst na wenzake walitoa mfululizo wa Pichadithi, ambao ulimtia Lwanda Magere, shujaa wa vita, katika picha. Dar es Salaam ilikuwa na Sani. Mwaka 1996 Sasa Sema wakatoa Abunuwasi wa Gado. Fedha ya idara inayotumika kununua nakala moja ya kigeni iliyofungwa kwenye plastiki inaweza kutafuta rundo zima la hizi, nazo zitapatikana pale tu zilipochakaa: katika nyumba za walimu wastaafu, katika makabati ya shule za bweni, chini ya magodoro. Kwa kipimo cha soko hazifiki popote. Pichadithi iliyosomwa Wajir katika muongo wa Wagalla, ikiwa na majina ya waliokuwa nayo, ni hati ambayo mhakiki wa fasihi ya vita hana ruhusa ya kuipuuza, kwa kuwa inamwambia ni vita vya nani vilivyosomwa wakati vita vya wenyeji havikuruhusiwa kusemwa.

Kadi ya maktaba ya nakala kama hiyo ibadilishwe. Palipokuwa na nafasi ya hali ya kitabu, pawe na maelezo ya maneno badala ya namba: majina yaliyomo na mpangilio wake, mikono mingapi ya maandishi, kurasa zipi zimechakaa kuliko nyingine, kilichokatwa ni nini, kimeshonwa kwa uzi au kubandikwa kwa gundi, kimepatikana mji gani na kwa nani kama mwenyewe ataridhia kutajwa. Sharti hilo la mwisho lisichukuliwe kuwa mapambo. Katika eneo ambalo orodha ya majina iliwahi kuwa jambo la hatari, idara haina haki ya kuchapisha majina ya wasomaji bila kuwaendea, na pale ambapo familia itakataa, nafasi iachwe wazi na kukataa kwao kuandikwe. Mwanafunzi wa uzamili anayejua Kisomali au Kiborana apewe kazi hiyo kabla ya yule anayejua bei za minada. Kanda zitangulie vitabu katika ratiba ya mwaka wa kwanza: utepe uliorekodiwa miaka ya 1970 umekwisha kuanza kufa, na mashine za kuucheza zinazidi kuadimika.